Pointi, Kondensa na Barabara ya Busia

Pasaka ya mwaka 1963 matope yaliwashinda karibu wote walioingia mashindano ya magari ya East African Safari. Yalianza magari 84, yakamaliza 7. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena, na washindi wakawa wawili hao hao, kwa 404 vilevile.

Sifa ya gari hilo ilishuka hadi kwa abiria. Kwa miaka mingi wasafiri wa Nairobi, Kisumu na Busia walibanana ndani ya Peugeot, 404 kisha 504. Gari likizimika usiku porini, dereva alifungua boneti, akang'oa kifuniko cha distributa, akasugua pointi kwa msasa na kukausha nyaya za plagi kwa kitambaa. Mara nyingi ilitosha. Hakuhitaji kompyuta, na spea yake ilienea mfukoni.

Asili ya mfumo huo wa kuwasha injini ni kazi ya Mmarekani Charles Kettering, iliyoingia kwenye magari ya Cadillac kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Betri hupeleka umeme kwenye koili kupitia pointi zilizofunga. Kemu ya distributa inapozifungua, umeme hukatika ghafla, koili ikatoa volti elfu nyingi na cheche ikaruka kwenye plagi. Kondensa, kijikopo kisichozidi kidole, huzuia pointi zisiungue. Nafasi kati ya pointi ni takriban milimita 0.4 tu. Ikipungua kwa kuchakaa, taimingi huchelewa na gari huchoka mlimani. Kasoro ya namna hii hujitangaza mapema, nayo hurekebishwa kwa bisibisi.

Land Rover za zamani zina siri nyingine. Zilianza kuuzwa mwaka 1948, na kwa miaka mingi upande chanya wa betri ndio uliofungwa kwenye chesi, kinyume na magari ya leo. Anayefunga alternata au redio ya kisasa bila kulijua hilo huiunguza papo hapo. Hata rangi za nyaya zilikuwa na utaratibu: kwenye magari ya Uingereza yenye umeme wa Lucas, kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri, nyeupe kwenye swichi ya kuwasha, buluu huenda taa kubwa, nyeusi ni ya chesi. Fundi akizijua, gari zima anaweza kulisoma bila mchoro.

Utaratibu huo ndio unaopotea. Malori yanayopanga foleni Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, ni ya dizeli, yana volti 24 na hayana plagi, na kijana anayejifunza umeme wa magari mpakani hujifunza hayo. Akiletewa gari la zamani, hukata nyaya, huunganisha rangi yoyote iliyopo na kufunga kwa tepu. Gari huwaka, lakini atakayelifungua baada yake hana pa kuanzia.

Sikatai kwamba moduli ya kielektroniki, inayofungwa badala ya pointi, hutoa cheche isiyoyumba na haihitaji kusuguliwa. Lakini ikifa, mara nyingi hufa bila dalili, na barabarani hakuna cha kurekebisha. Kwa gari linalotunzwa kwa ajili ya historia yake, naona pointi zibaki. Ndizo zilizokuwa kwenye 404 lililofika mwisho wa safari mara mbili wakati magari mengi yamekwama.

Kama nyumbani kwenu, iwe Malaba, Busia au kule Osieko ziwani, kuna Peugeot au Land Rover ya mzee imeegeshwa chini ya mwembe, msikubali nyaya zake zikatwe. Gari likihitaji kifaa kipya, kifungwe kwa namna inayoweza kuondolewa, na distributa ya asili ipakwe grisi, ifungwe kwenye kitambaa kikavu na ihifadhiwe. Kisha mtafuteni fundi mzee angali hai, mkae naye na kijana mmoja wa gereji, awafundishe kupima pointi.