Shujaa Kando ya Kisima: Kifo na Utukufu katika Tenzi za Kale



Hapa Ihumwa, kama ilivyo kwingineko katika uwanda wa kati, hakuna anayehitaji kufundishwa thamani ya maji. Mvua zetu hunyesha miezi michache tu, na miezi iliyobaki nchi hukauka. Kwa hiyo nadhani wasomaji wa huku watakielewa upesi kisa cha kale cha pwani ambacho mwisho wake unatokea kando ya kisima. Juma hili nawaalika tukitafakari pamoja, kwa kuwa ndani yake mna swali linalomhusu kila mwanadamu: tukishakufa, hubaki nini cha fahari yetu?

Swali hili ni la zamani sana. Takriban miaka elfu nne iliyopita, watu wa Mesopotamia, katika nchi ambayo leo ni Iraki, walisimulia habari za Gilgamesh, mfalme wa Uruk. Alikuwa na nguvu zisizo kifani, mpaka alipofiwa na rafiki yake Enkidu. Ndipo alipotambua kwamba naye atakufa, akatoka kwenda kuutafuta uzima usio na mwisho. Baada ya taabu nyingi aliupata mmea wa kumrudishia mtu ujana wake. Lakini njiani alisimama kuoga katika bwawa la maji baridi, na nyoka akauiba mmea ule. Gilgamesh aliketi akalia. Kisha alirudi kwao, na alipofika, kitu alichomwonyesha mwenzake wa safari kilikuwa kuta za mji wake.

Wayunani nao walikuwa na Akile, shujaa wa vita vya Troya. Yeye aliwekewa njia mbili: aishi miaka mingi nyumbani bila kujulikana, au afe kijana na jina lake lidumu milele. Akachagua jina. Hata hivyo, mtunzi hakutuacha tuamini kwamba hesabu ile ilikuwa nyepesi. Katika utenzi wa pili, Odisea anapokutana na kivuli chake kuzimu, Akile anamwambia kwamba ingekuwa afadhali awe kibarua wa mtu maskini duniani kuliko kuwatawala wafu wote. Wayunani wale wale waliotukuza ushujaa ndio waliotia maneno hayo kinywani mwa shujaa wao mkuu.

Tuje sasa kwetu. Katika pwani ya kaskazini ya Waswahili, kati ya kisiwa cha Pate na mlango wa mto Tana, panasimuliwa habari za Fumo Liyongo. Wanazuoni hawajaafikiana kuhusu karne aliyoishi, lakini kumbukumbu yake haijafifia. Askofu Edward Steere alichapisha kisa chake katika kitabu cha hadithi za Kiswahili mwaka 1870, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu, mtunzi na mchongaji hodari wa mbao, akakitungia utenzi unaosomwa hata leo.

Liyongo alikuwa mtu wa kimo na nguvu za kutisha, bingwa wa upinde, na mtunzi wa mashairi. Sultani wa Pate aliingiwa na hofu kwamba mtu huyu angemnyang'anya ufalme. Akamtia kifungoni na kuamuru auawe. Alipoulizwa haja yake ya mwisho, Liyongo aliomba apigiwe ngoma.

Hapa utenzi unatuonyesha jambo ambalo ni rahisi kulipita. Mamaye alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, na walinzi walikuwa wakikila kilicho kizuri na kumwachia makombo. Liyongo akamwimbia Saada wimbo wa kumfikishia mama, kwamba aoke mkate wa pumba na kutia tupa ndani yake. Walinzi waliudharau mkate ule wa kimaskini, wakamwachia. Siku ya ngoma, vigoma na pembe vilipopamba moto, Liyongo alikata minyororo kwa tupa ile, na sauti ya tupa haikusikika. Akawatokea, wakatawanyika.

Basi shujaa aliyetisha jeshi zima aliokolewa na nini? Na mkate wa pumba, akili ya mama, na kumbukumbu ya msichana mtumwa aliyebeba wimbo bila kuupoteza. Majina ya walinzi hatuyajui. Jina la Saada limebaki.

Kama Akile, ambaye waandishi wa baadaye walisema angeweza kuuawa kwa jeraha la kisigino tu, Liyongo naye alikuwa na mahali pamoja pa udhaifu: sindano ya shaba ichomwapo kitovuni. Sultani alimshawishi mwana wa Liyongo mwenyewe, akamwahidi kumwoza binti yake. Kijana akaitafuta siri, baba akamwambia, na kijana akamchoma baba yake akiwa usingizini.

Liyongo aliamka na maumivu, akatwaa upinde wake, akaenda mpaka kisimani. Hapo akapiga goti, akatia mshale na kuuvuta upinde, akafa katika hali hiyo. Watu waliokuja kuteka maji walimwona wakakimbia, wakidhani yu hai na amekasirika. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kusogea. Walimwendea mamaye, wakamsihi ambembeleze mwanawe. Mama akaja akamsemesha kwa upole, na yule hakujibu. Mwishowe maiti ilianguka, ndipo watu wakaelewa kwamba walikuwa wakimwogopa mtu aliyekwisha kufa.

Ndugu wasomaji, aghalabu tunausoma mwisho huu kama kilele cha ushujaa: mtu anayetisha hata baada ya kufa. Ni kweli, picha ile ni ya fahari. Lakini na tusimame kidogo upande wa wale waliokuja na mitungi mitupu. Katika saa ile, utukufu wa Liyongo ulikuwa umewafungia wenzake maji. Sisi wa nchi kavu twajua maana ya kisima kisichofikika. Utukufu uliojengwa juu ya hofu hudumu kadiri mwili unavyoweza kusimama, kisha huanguka pamoja nao.

Wala walioshinda hawakupata faida. Kijana hakupewa alichoahidiwa. Na Pate, dola iliyoogopa mtu mmoja kiasi hicho, nayo iliporomoka. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika utenzi wa Inkishafi, aliyatazama magofu ya nyumba zake za kifahari akauonya moyo wake usidanganyike na dunia.

Kilichobaki cha Liyongo ni nini, basi? Ni nyimbo. Mashairi mengi yananasibishwa naye, na baadhi yake yamehusishwa na ngoma ya gungu, iliyokuwa ikichezwa katika arusi. Mwili wake uliziba njia ya kisima. Nyimbo zake ziliwapa watu kitu cha kufurahia pamoja. Shujaa wa hofu alianguka kando ya kisima, na mtunzi akaendelea kuishi.

Historia ya karibu na sisi yatufundisha vivyo hivyo. Jirani zetu wa kusini, Wahehe, walimshinda Zelewski na kikosi chake cha Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, wakiongozwa na Mkwawa. Ngome yake ya Kalenga ilitekwa mwaka 1894, lakini aliendelea kupigana hadi Julai 1898, alipojiua kwa risasi ili asitekwe. Kichwa chake kilikatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, lakini ilichukua hadi mwaka 1954 ndipo Gavana Twining alipolikabidhi kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi. Mtu aliyejiua asishikwe, mabaki yake yalishikwa na wageni zaidi ya miaka hamsini. Hakika shujaa hawezi kuulinda utukufu wake mwenyewe. Wanaoulinda ni wale anaowaacha nyuma. Na mjukuu huyo alikuja kuwa Spika wa Bunge, lile ambalo leo hukutana hapa Dodoma: babu aliongoza kwa mkuki, mjukuu akasimamia majadiliano ya watu.

Gilgamesh alirudi kwenye kuta za mji ambamo wengine wangeishi. Akile alitamani kazi ya kibarua. Liyongo aliacha nyimbo. Kila mmoja kwa njia yake anatuambia kwamba kifo hakishindwi kwa misuli, na kwamba jina hudumu pale lilipowafaa watu.

Juma hili, kila mmoja wetu ajiulize: nitakapokuwa sipo, je, wenzangu watasogea kisimani kwa uhuru na kuteka, au watapumua kwa kuwa hatimaye nimeanguka?

Nawatakieni juma jema.