Nzi wa Bandia na Mikono Iliyomfunga

Wavu huvua kwa nguvu, dema huvua kwa subira, na ndoana huvua kwa hila. Katika hila zote za ndoana, hapana iliyo nyembamba kuliko ya kuvisha chuma manyoya na nyuzi hata samaki akadhani ameona mdudu. Chambo hicho ndicho nzi wa bandia. Wako wanaouona uvuvi wake kuwa mchezo wa wenye nafasi, usiostahili kalamu ya mwanahistoria. Lakini habari zake ni ndefu, na ndani yake mna swali linalomhusu kila mwanachuoni: ujuzi wa mikono ukishatiwa kitabuni, huwa ni mali ya nani?

Habari ya kale iliyo wazi twaipata kwa Aelian, Mrumi aliyeandika kwa Kiyunani yapata mwaka 200 baada ya Kristo. Asema kwamba katika Makedonia, baina ya Beroya na Thesalonike, ulikuwako mto Astraeus wenye samaki wa madoadoa. Samaki hao walikula nzi warukao juu ya maji, lakini wavuvi hawakuweza kumtumia nzi mwenyewe, kwani akiguswa na mkono wa mtu hupoteza rangi na mabawa yake hunyauka. Basi walizungushia ndoana sufu nyekundu, wakafunga juu yake manyoya mawili yaotayo chini ya ndevu za jogoo, yenye rangi ya nta. Ufito ulikuwa futi sita, na mshipi futi sita. Kitu cha asili hakikuvumilia mkono, ndipo mkono ukaunda mfano wake. Aelian ametuhifadhia jina la mto. Jina la mvuvi hata mmoja hakuliandika.

Mwaka 1496 Wynkyn de Worde alipiga chapa huko Westminster, Uingereza, risala ya uvuvi wa ndoana ndani ya kitabu kikubwa cha mambo ya uwindaji. Mapokeo huihesabu kuwa kazi ya bibi aitwaye Juliana Berners, ila ushahidi wake ni haba. Risala yafundisha mtu kujitengenezea vyombo nyumbani: kupinda sindano motoni ziwe ndoana, kusokota na kutia rangi singa za farasi ziwe mshipi, na kufunga nzi 12, kila mmoja kwa majira yake. Yaonya pia dhidi ya kuvua kupita kiasi. Tena yaeleza kwa nini haikuchapwa peke yake: isije ikaanguka mikononi mwa wavivu wasio na kiasi, wakauharibu uvuvi. Sababu hiyo ina sura mbili. Ni huruma kwa mto, na papo hapo ni ukuta, kwa kuwa kitabu kikubwa hununuliwa na mwenye mali.

Baadaye wenye elimu waligombana. Frederic Halford, katika kitabu chake cha mwaka 1886, alifundisha nzi aeleaye juu ya maji, aliyeigizwa kwa uangalifu mkubwa, na wafuasi wake wakaifanya njia hiyo kuwa sheria. G. E. M. Skues, mwanasheria wa London, aliona kwamba samaki hula sana wadudu wachanga walio chini ya maji. Mwaka 1910 akamtetea nzi azamaye. Hata mwaka 1938 shauri hilo lilikuwa likijadiliwa London. Hoja ilikuwa ya samaki, lakini ndani yake mlikuwa na mamlaka: ni nani awezaye kusema hivi ndivyo na hivi sivyo?

Baharini masharti ni mengine. Chumvi hula chuma, upepo huurudisha mshipi, na samaki wakubwa hutafuta samaki wadogo. Kwa hiyo nzi wa baharini mara nyingi ni mfano wa dagaa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Lefty Kreh, wa Maryland, Marekani, aliunda mmoja kwa ajili ya ghuba ya Chesapeake. Manyoya marefu aliyafunga nyuma, karibu na pindo la ndoana, yasijiviringe wakati wa kurusha. Nywele za mkia wa kulungu akazizungushia kichwani. Mwaka 1991 nzi huyo alitiwa katika stempu ya Marekani. Bob Clouser, katika miaka ya 1980, aliunda wake kwa mto Susquehanna, akampa macho ya risasi yanayoigeuza ndoana ielekee juu. Nzi huyo wa mtoni sasa huvua baharini pia.

Historia hii imefika kwetu. Mwaka 1905, kwa juhudi za Ewart Grogan, trauti kutoka Skotlandi walipandikizwa katika mto Gura, milima ya Aberdare, Kenya. Samaki walikuwa wageni, na mchezo ulikuwa wa wageni. Lakini vidole vya wenyeji vilijifunza, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi zinazofunga nzi kwa masoko ya Ulaya na Marekani. Hata leo kazi hiyo hufanywa kwa mkono. Mnunuzi hulijua jina la aliyebuni. Jina la aliyefunga halifiki dukani.

Basi jawabu la swali letu ni hili: ujuzi ni mali ya kila aliyeutia mkono, si ya aliyeutia kalamu peke yake. Mwanachuoni anayekwenda penye karakana hizo achukue daftari, aulize namna ya kukaza uzi na kuchagua unyoya. Na kabla ya kuuliza hayo, aulize jina, akaliandike. Tusirudie upungufu wa Aelian.