Ushago Kwetu ni Majengo: Nilivyomtafuta Mama Yake Shosho

Kila Desemba ni stori ile ile. Kwenye grupu ya WhatsApp watu wanaanza kutuma picha: basi limejaa, kuku amefungwa miguu, matope hadi magotini, "tumefika ushago salama." Halafu lazima mmoja aniulize, "Na wewe, ushago kwenu ni wapi?"

Najibu Majengo. Wanacheka. "Majengo si ushago bana, hapo ni Nairobi!"

Miaka yote nimekuwa nikicheka nao, lakini ndani inauma. Kenya hii, mtu asiye na ushago ni kama mti usio na mizizi. Nyumbani tulikuwa na hadithi moja tu, ya mjomba: babu mkubwa alikuja Nairobi, akajenga nyumba ya vyumba sita Pumwani, akaoa, sisi tukazaliwa. Huyo mke aliyeoa alikuwa nani? Alitoka wapi? "Alikuwa mama wa nyumbani," mjomba anasema, kisha anabadilisha mada.

Desemba iliyopita sikuenda popote. Nilinunua mahamri, nikapita kwa Shosho. Shikamoo, marahaba, chai ikamiminwa. Nikamwuliza moja kwa moja: mama yako alikuwa nani?

Shosho ana karibu miaka tisini na masikio yake bado ni makali kuliko yangu. Alinyamaza kidogo, akaniambia nitoe sanduku la bati chini ya kitanda. Hilo sanduku nimeliona tangu utotoni. Nilidhani lina nguo za mazishi.

Kilichokuwa ndani

Picha moja ya studio, mwanamke amekaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, hatabasamu. Cheti cha ndoa ya Kiislamu cha 1931. Na bunda la risiti za kodi ya kiwanja, zimefungwa kwa uzi, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Basi. Maisha ya mtu mzima, na yote yanaenea kwenye mkeka mmoja.

Nikafikiri mengine nitayapata kwenye kumbukumbu za serikali. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo shuleni hatukuambiwa.

Tunajua kipande, sivyo? Sheria ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika vita vya kwanza vilipoisha: kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 aandikishwe, achukuliwe alama za vidole, abebe karatasi yake ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Ilikuwa fedheha, na watu waliipinga vikali. Lakini fedheha hiyo iliacha majina. Ukimtafuta babu wa babu yako, kuna nafasi alama ya kidole chake iliwahi kuwekwa mahali.

Mwanamke hakuandikishwa kabisa. Sensa ya kwanza kuwahesabu Waafrika wote Kenya ilifanywa mwaka 1948. Hadi uhuru unakuja, uandikishaji wa vizazi na vifo ulikuwa bado haujafika nchi nzima. Kitambulisho cha taifa nacho? Sheria ilibadilishwa mwaka 1978 ndipo wanawake wakaanza kupewa. Mama yake Shosho alifariki mwaka 1976. Aliishi Nairobi zaidi ya nusu karne na akaondoka duniani bila serikali kumpa hata kadi moja yenye jina lake.

Nilienda pia kwenye jengo la Kumbukumbu za Taifa pale Moi Avenue, lile tunalopita kila siku tukikimbilia matatu. Ripoti za maafisa wa kikoloni zinawataja wanawake wa mjini, ndiyo, lakini kwa jumla, kama kero: wanapika pombe, wametoroka kwao, warudishwe. Hakuna majina. Mwanamke wa enzi zile aliandikwa jina akifikishwa mahakamani, au akipigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru tunamjua kwa sababu tarehe 16 Machi 1922 alisimama mbele ya umati uliotaka Harry Thuku aachiliwe, na polisi wakamuua. Angerudi nyumbani salama jioni ile, pengine leo tusingekuwa na jina lake.

Kwa hiyo nikarudi kwenye sanduku.

Abdallah ambaye hakuwepo

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Kwenye cheti cha ndoa ameandikwa kwa jina la Kiislamu, binti Abdallah. Nikafurahi, nikasema nimeshampata baba yake! Wiki tatu nzima nilimtafuta Abdallah. Niliuliza wazee msikitini, nilipiga simu mpaka Mombasa.

Kumbe hakuna Abdallah. Mzee mmoja alinihurumia akanieleza: mtu akisilimu zamani, na baba yake si Mwislamu, mara nyingi palipo na jina la baba liliandikwa Abdallah, yaani mtumishi wa Mungu. Wengi wa wanawake waliofika Nairobi mapema walisilimu. Uislamu ndio uliokuwa dini ya mji katika vile vijiji vya mwanzo, na uliwapa jina jipya, majirani wa kuwazika, na ndugu pale ambapo hawakuwa na ndugu. Lakini kwa anayefuatilia ukoo, ni kama mlango umefungwa na ufunguo umetupwa.

Jina la zamani je? Hapa Shosho akacheka. "Si unalisikia kila siku?"

Mama yangu, pamoja na jina lake la Kiislamu, ana jina la Kikuyu ambalo hutumika nyumbani tu. Hakuna mwingine mwenye jina kama hilo kwetu. Nilidhani ni utani wa utotoni. Lakini mila ya Wakikuyu ni kwamba binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake, na wa pili jina la mama ya mama yake. Mama yangu ni binti wa pili wa Shosho. Jina lililokuwa limepotea kwenye karatasi lilikuwa likiitwa jikoni kwetu miaka sitini na zaidi: njoo ule, zima hiyo taa, umeona simu yangu?

Alizaliwa lini?

Usimwulize mzee mwaka. Mwulize kulikuwa na nini. Shosho alisema mama yake alizaliwa "wakati wa Ng'aragu ya Ruraya". Hiyo ni Njaa ya Ulaya, ile kubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1890. Mvua ilikosa, ndui ikaingia, watu wakafa kwa wingi Ukikuyu. Na mwaka 1899, wakati njaa hiyo bado inauma, reli kutoka Mombasa ilifika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikiita mahali pa maji baridi. Mama yake Shosho na jiji la Nairobi ni rika moja.

Alitoka upande wa Murang'a kwa miguu, msichana mkubwa, kabla ya vita vya kwanza kuisha. Shosho anasema alikimbia kuozwa kwa mzee aliyekwisha kulipa mbuzi. Kwa mila ya wakati ule binti hakurithi ardhi ya baba yake. Alikuwa na mahali pa kuolewa, si mahali pake.

Nairobi aliyoikuta ilikuwa mji wa wanaume: vibarua wa reli, askari, watumishi wa nyumbani, ambao wengi hawakuruhusiwa wala hawakuweza kuja na wake zao. Waafrika walijenga vijiji vyao wenyewe pembeni: Pangani, Mombasa, Maskini, Kaburini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilipima viwanja Pumwani, ikataka watu wahamie huko. Vijiji vingine vilibomolewa, Pangani ikadumu hadi mwisho wa miaka ya 1930. Mpango wa Pumwani ulikuwa hivi: ardhi ni ya baraza la mji, wewe unalipa kodi ya kiwanja, lakini nyumba unajenga mwenyewe na ni yako. Miti, udongo, paa la madebe yaliyonyooshwa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku.

Na sehemu kubwa ya waliojenga walikuwa wanawake.

Tarehe mbili

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo hadithi ya mjomba ilipoanguka.

Usiku mmoja nilizipanga risiti zote sakafuni kwa miaka. Ya zamani kuliko zote ni ya 1924. Jina lililoandikwa na karani ni lake. La babu mkubwa halipo. Nikachukua cheti cha ndoa: 1931. Nikarudia kuangalia, nikadhani nimechanganya. Sikuchanganya. Nyumba ilikuwa imesimama miaka saba kabla ya mume kuingia.

Babu hakujenga nyumba. Babu alikuja kama mpangaji.

Kesho yake nilimrudia Shosho na swali gumu zaidi. Mwanamke asiye na mume, asiye na ardhi, mwaka 1924, pesa za kujenga vyumba sita alizitoa wapi?

Alinitazama muda mrefu. "Alikuwa akikaa na wanaume," akasema. "Anawapikia, anawachemshia maji ya kuoga, wanalala, wanalipa. Na pombe alipika, mpaka baraza likataka biashara hiyo iwe yake peke yake, likaanza kuwakamata. Hakuiba. Hakuomba. Alipopata chumba cha kwanza akapangisha, akajenga cha pili."

Nikabaki na kikombe mkononi. Neno ambalo mjini wangemwita sote tunalijua. Ndilo neno mjomba alilokuwa akilikimbia kila akibadilisha mada. Na naelewa kwa nini. Tumekulia mtaa ambao watu wakiusikia wanakonyezana.

Lakini hebu fikiria. Wanaume wa enzi hiyo walifanya kazi za mshahara, na sehemu ya mshahara ikaliwa na kodi ya serikali. Yeye alichukua shilingi za mji huohuo akazigeuza kuta. Wapo waliotuma pesa kwao, wakanunulia baba zao mbuzi na kulipa madeni. Yeye hakurudi. Nyumba aliirithisha binti yake, na hakuna mzee wa ukoo aliyeweza kuigusa. Shosho alilelewa na vyumba vile. Karo ya mama yangu ilitoka kwenye vyumba vile. Mimi ninayeandika hapa kwa simu ya bei, nimetoka kwenye vyumba vile.

Nilimwuliza Shosho kama naweza kuandika. Akasema, "Andika yote. Jina lake usiandike. Hilo ni letu." Ndiyo maana hujalisoma hapa, na hutalisoma.

Ukitaka kuanza kwenu

Anza na wanawake wazee walio hai, leo, si baada ya mazishi. Waulize matukio: njaa, nzige, vita, nani alikuwa mjamzito uhuru ulipokuja. Angalia majina yanayorudi kwenye familia, hasa lile ambalo hakuna anayejua limetoka wapi. Jina la baba kwenye cheti lisikudanganye, yangu mimi yameniponza. Panga karatasi zote kwa tarehe, hata risiti ambayo inaonekana takataka, kwa sababu wakati mwingine ukweli hauko kwenye karatasi moja, uko kati ya mbili. Piga picha kila kitu. Sisi tunakaa karibu na Gikomba, tunajua moto ni nini.

Na jiandae kusikia usichotaka. Ukienda kutafuta malkia tu, utarudi mikono mitupu au utarudi na uongo.

Mjomba nilimwonyesha risiti siku ya Krismasi. Alivaa miwani, akazisoma moja moja, akaifikia ile ya 1924 na kuigeuza nyuma kama anayetafuta jina jingine. Mwisho akasema polepole, "Kwa hiyo miaka yote hii tumekuwa tukimshukuru mtu asiyehusika." Kisha akaichukua ile picha ya studio, akaenda nayo kutafuta fremu.

Usiku huo kwenye grupu mtu akauliza tena kama kawaida, ushago kwenu ni wapi. Nikaandika: Majengo. Vyumba sita. Alijenga mama yake Shosho, mwaka 1924.

Hakuna aliyecheka.

Na wewe, mama yake shosho wako aliitwa nani?