Msitu Uliogeuka Shamba: Ardhi, Kazi na Maji Katika Nchi ya Abagusii

Nyanda za juu za Kisii na Nyamira, zilizoinuka kati ya tambarare za Ziwa Victoria upande wa magharibi na miinuko ya Sotik na Kericho upande wa mashariki, leo zinajulikana kwa chai, migomba na mashamba madogo yaliyobanana kilima kwa kilima. Hata hivyo, mvua yake inayozidi milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi, pamoja na udongo mwekundu wenye kina, ndiyo iliyokuza hapo kale misitu minene ya milimani, ambayo sasa imebaki vipande vidogo tu. Namna misitu hiyo ilivyogeuka mashamba ni historia ya mpaka wa kilimo, yaani ukanda ambao wakulima huusogeza mbele kwa kufyeka na kulima ardhi isiyowahi kulimwa. Katika nchi hii mpaka huo ulifika mwisho kabla ya mwaka 1987, pale tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilipoeneza istilahi ya maendeleo endelevu, yaani maendeleo yanayokidhi mahitaji ya walio hai bila kuwanyima watakaozaliwa uwezo wa kukidhi ya kwao.

Wenyeji wa nyanda hizo ni Abagusii, ambao Waswahili huwaita Wakisii. Masimulizi yao, yaliyokusanywa na wanahistoria kama William Ochieng', yanaeleza kuwa wazee wao walipita katika nyanda za Kano na eneo la Kabianga, wakisukumwa na vita na kupungukiwa na chakula, kabla ya kutulia milimani ambako msitu na baridi viliwapa kinga. Makundi yao makuu, yakiwemo Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Bonchari na Mugirango, yaligawana matuta na mabonde, na ndani ya kila kundi haki ya kutumia ardhi ilifuata ukoo, uitwao egesaku kwa Ekegusii, na jasho la aliyefyeka. Aliyeangusha miti na kupanda wimbi alijipatia haki juu ya shamba lile, na haki hiyo ikarithiwa kupitia enyomba, yaani nyumba ya kila mke, kwa kuwa wana walipewa mashamba yaliyolimwa na mama yao.

Mfumo huo ulikuwa na njia zake za kuipumzisha ardhi. Shamba lililochoka liliachwa likaota vichaka, na familia ikafyeka kipande kingine, jambo lililowezekana kwa sababu kati ya makazi ya koo mbalimbali palikuwa na ardhi ya akiba iliyotumika kwa malisho na kuwinda. Ng'ombe wengi hawakukaa nyumbani, bali walilindwa na vijana katika ebisarate, yaani kambi za ng'ombe zilizojengwa mbali na mashamba, hivyo mifugo na mazao havikugombania ardhi moja. Kazi ngumu ya kulima na kupalilia ilifanywa kwa risaga, kundi la majirani waliokusanyika kumsaidia mwenzao naye akawaandalia chakula na pombe, au kwa egesangio, ambapo wanakundi walizunguka shamba hadi shamba kwa zamu. Uendelevu wa wakati ule, basi, ulisimama juu ya nguzo mbili: ardhi ya akiba iliyowapa watu nafasi ya kuhama, na ujirani uliowafanya wawajibikiane.

Nguzo ya kwanza ilivunjwa na ukoloni. Waingereza waliweka kituo chao Kisii mwaka 1907, na mwaka 1908, baada ya Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, kumchoma mkuki ofisa wao, G. A. S. Northcote, wakawaadhibu wenyeji kwa mauaji, uchomaji wa nyumba na utekaji wa maelfu ya ng'ombe. Miaka michache baadaye utawala huo ulipiga marufuku ebisarate, ukiziona kuwa kambi za vijana wenye silaha, na ng'ombe wakarudishwa nyumbani. Mipaka ya maeneo yaliyotengewa Waafrika, pamoja na mashamba ya walowezi yaliyoanzishwa Sotik, iliziba njia ya mashariki, hivyo kizazi kilichofuata kikageukia malisho na misitu iliyobaki ndani ya nchi yenyewe.

Mazao ya biashara yaliendeleza mabadiliko hayo. Katika miaka ya 1930 Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza, pamoja na Meru na Embu, ambako Waafrika nchini Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa aina ya arabika. Baadaye zikaja pareto na chai, ambayo tangu mwaka 1964 ilisimamiwa na mamlaka ya wakulima wadogo, KTDA. Kahawa na chai ni mimea ya kudumu, na ardhi iliyopandwa mimea hiyo hairudi kuwa kichaka wala malisho, kwa hiyo desturi ya kuipumzisha ilikosa nafasi. Usajili wa ardhi kwa jina la mtu mmoja mmoja, ulioenea baada ya Mpango wa Swynnerton, mpango wa kikoloni wa mageuzi ya kilimo wa mwaka 1954, uliipa hati nguvu kuliko neno la ukoo. Nafuu ya mwisho ya mpaka ilipatikana wakati wa uhuru, pale mashamba ya walowezi yaliponunuliwa na kugawiwa Abagusii katika Nyansiongo, ndani ya eneo la Borabu, ambako hadi leo vipande vya ardhi ni vikubwa kuliko vya sehemu nyingine za Nyamira.

Baada ya hapo hapakuwa na msitu wa kusogelea, lakini desturi ya kuwagawia wana ardhi iliendelea. Mwaka 1969 wilaya ya Kisii, iliyokuwa pamoja na Nyamira ya sasa, ilikuwa na watu takriban 675,000. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira, yaani karibu mara tatu ya hesabu ya kwanza katika eneo lilelile. Wengi walihamia Trans-Mara, Bonde la Ufa na mijini, na waliobaki wakagawana vipande ambavyo mara nyingi havifiki ekari mbili, wakalima hadi kwenye miteremko mikali na mabonde ya chepechepe.

Katika hali hiyo wakulima walirudisha miti wenyewe, ingawa haikuwa miti ya msitu uliopotea. Walipanda mikaratusi, inayokua haraka na kuuzika kwa ajili ya nguzo, mbao na kuni, zikiwemo kuni za kukaushia majani ya chai viwandani. Kwa familia yenye nusu ekari, mkaratusi ni akiba ya karo na matibabu, nao hausumbui kama mahindi yanayohitaji mbolea na palizi. Ila mti huo hunywa maji mengi, na ulipopandwa katika mabonde na kando ya chemchemi, wenyeji waliona vijito vikipungua. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe karibu na vyanzo vya maji, lakini utekelezaji ulikuwa mgumu, kwa kuwa agizo liligusa akiba ya mtu binafsi bila kumpa kitu cha kushika mahali pake.

Historia hii inapinga kauli kwamba mkulima wa Kisii aliharibu msitu kwa kutojua. Alikuwa na kanuni za kuitunza ardhi, na kanuni hizo zilishindwa pale ardhi ya akiba iliyozibeba ilipoondolewa, kwanza kwa nguvu ya dola, kisha kwa mgawanyo usiokoma wa urithi. Akiba hiyo haiwezi kurudi, kwa kuwa hakuna msitu wa kufyeka wala kambi ya kupeleka ng'ombe. Kilichobaki ni nguzo ya pili, ujirani wa risaga na egesangio, na hapo ndipo mipango ya kaunti zote mbili inapaswa kuanzia. Chemchemi moja hunywesha maboma mengi, na hakuna hati ya shamba inayoweza kuilinda peke yake. Wanaoteka maji hapo ndio wanaopaswa kukubaliana ni mti gani uondolewe, ni mti gani wa asili upandwe badala yake, na jinsi watakavyomfidia jirani anayepoteza mikaratusi yake. Nchi ambayo babu zao waliifyeka pamoja haitatunzwa na mtu mmoja mmoja.