Maponya na Mji Uliomfungia Milango

Richard Maponya alipofariki Januari 6, 2020, akiwa na miaka 99, Afrika Kusini ilimkumbuka kwa mambo mawili: tajiri wa Soweto aliyeanzia kwenye maziwa, na mtu wa familia. Mambo hayo husimuliwa mbalimbali, moja la dukani na jingine la nyumbani. Mimi naona yalikuwa jambo moja, na kilichoyaunganisha ni katikati ya jiji la Johannesburg, mahali ambapo Mwafrika wa enzi zake alitakiwa awe mteja au kibarua, asiwe mwenye duka.

Maponya alizaliwa mwaka 1920 huko Lenyenye, karibu na Tzaneen, akasomea ualimu, kisha akaja Johannesburg kutafuta maisha. Aliajiriwa katika kampuni ya nguo, na bosi wake akamruhusu kuchukua nguo zilizochafuka na mabaki ya vitambaa akauze mwenyewe. Soko alilipata Soweto, mitaa ya Waafrika nje ya jiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipotaka kufungua duka la nguo huko huko Soweto, alinyimwa leseni. Alikwenda kutafuta msaada kwa mawakili Nelson Mandela na Oliver Tambo, waliokuwa na ofisi Chancellor House, mtaa wa Fox, jirani na mahakama. Ofisi hiyo yenyewe ilikuwa mjini kwa shida: jengo lilikuwa la Wahindi, na ni majengo machache mno ya katikati ya jiji ambayo Mwafrika angeweza kupanga. Hata kwa msaada wao, leseni iliyopatikana ilikuwa ya vyakula vya kila siku tu. Nguo hapana.

Ndipo yeye na mkewe, Marina, wakaanzisha biashara ya maziwa mtaa wa Dube. Nyumba nyingi za Soweto hazikuwa na umeme, seuze jokofu, kwa hiyo maziwa hayangeweza kulala. Vijana waliyapeleka mlango kwa mlango kwa baiskeli, yanywewe siku ile ile. Mwaka 1963 serikali ilikaza kamba zaidi: mfanyabiashara Mwafrika wa mitaa hiyo asiwe na zaidi ya duka moja, auze mahitaji ya lazima tu, asiunde kampuni wala ubia. Tuzipime amri hizo kwa jicho la mtu mwenye duka. Ukikatazwa mbia na kampuni, mtaji, kazi na uaminifu utavitoa wapi kama si nyumbani? Kwa mtu kama Maponya, kuipenda familia na kuilinda biashara vilikuwa kazi moja. Wakati huo huo mishahara ya Soweto ilipanda treni hadi Park Station na kuishia katika maduka ya mjini.

Atatokea wa kusema kwamba duka la familia lipo kila mahali, na kwamba Wahindi wa Mombasa na Dar es Salaam walifanya biashara na ndugu zao bila kulazimishwa na sheria kama hiyo. Ni kweli, lakini wao waliweza kuingia ubia na jamaa, kukopeshana na kufungua tawi mtaa wa pili. Mwenzao Mwafrika wa Tanganyika ndiye aliyewekewa na Waingereza sheria ya kumzuia asikopeshwe, na hali yake ndiyo inayofanana na ya Maponya.

Hoja nzito zaidi ni kwamba vikwazo hivyo vilimlinda pia, kwa sababu maduka makubwa ya Wazungu hayakuruhusiwa kuingia Soweto. Hili haliwezi kupuuzwa. NAFCOC, chama cha wafanyabiashara Waafrika ambacho Maponya alikuwa rais wake wa kwanza, kilidai wanachama wake wafunguliwe milango, na bado hakikutaka kampuni za Wazungu ziingie mitaani mwao. Kuna mgongano hapo, ila naukubali. Aliyenyimwa mtaji na njia ya kwenda mjini hawezi kuambiwa ashindane kwa haki na aliyepewa vyote viwili. Lawama inayobaki na uzito ni ya duka dogo la mtaani, ambalo jengo kubwa la maduka hulinyang'anya wateja, hata mwenye jengo akiwa mzawa.

Jengo kubwa la namna hiyo la Maponya mwenyewe lilimgharimu subira ya muda mrefu. Ardhi yake Soweto aliipata mwaka 1979 kwa mkataba wa kukodi, akainunua mwaka 1994, na Maponya Mall ikafunguliwa na Mandela, wakili wake wa zamani, mwaka 2007. Marina hakuiona, kwani alifariki mwaka 1992. Siku ya ufunguzi mumewe alikuwa na miaka 86, umri ambao wenzake wengi walikuwa wamestaafu zamani. Kufikia hapo hata soko la hisa lilikuwa limeuhama mtaa wa Diagonal, katikati ya jiji, na kwenda Sandton, tangu mwaka 2000. Tukiandika historia ya biashara ya katikati ya Johannesburg, tusiishie kwa wenye majina yaliyochongwa juu ya milango. Maponya na Marina nao wanastahili sura yao humo.