Hifadhi ya Volkano za Hawaii: Moto, Mbuzi na Uzio

Tarehe 1 Agosti 1916, Rais Woodrow Wilson alitia saini sheria iliyoweka chini ya ulinzi volkano za Kilauea na Mauna Loa katika kisiwa cha Hawaii, pamoja na mlima Haleakala ulioko Maui. Hata idara ya kusimamia hifadhi za taifa za Marekani ilikuwa haijaundwa.

Wawili waliipigania hifadhi hii kuliko wengine. Mwanajiolojia Thomas Jaggar alikuwa ameanzisha mwaka 1912 kituo cha kuchunguza volkano ukingoni mwa kasoko ya Kilauea. Lorrin Thurston alikuwa mmiliki wa gazeti mjini Honolulu, na pia mmoja wa vinara wa mapinduzi ya 1893 yaliyomng'oa Malkia Liliuokalani. Haitakuwa haki kuadhimisha hifadhi hii bila kulitaja hilo, kwa kuwa ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Kwa Wahawaii wa asili, Halemaumau, shimo lililo ndani ya kasoko ya Kilauea, ni makao ya Pele, mungu wa kike wa volkano, na hadi leo wapo wanaokwenda pale kumwomba na kumwimbia. Sheria ya 1938 iliyoongeza pwani ya Kalapana iliwaachia wenyeji haki ya kuvua huko. Ni kidogo mno ukilinganisha na walichonyang'anywa.

Msimamizi wa kwanza, Thomas Boles, aliripoti kazini mwaka 1922. Mwaka 1961 Haleakala ikawa hifadhi ya kujitegemea.

Volkano zenyewe hazikuhitaji mlinzi. Mwaka 1924 Halemaumau ililipuka kwa mvuke, ikarusha mawe makubwa na kuua mtu mmoja. Mlipuko wa Puu Oo, ubavuni mwa Kilauea, ulianza Januari 1983 ukadumu miaka 35: uliunguza kituo cha wageni cha Wahaula mwaka 1989, na mwaka uliofuata ukafukia kijiji cha Kalapana. Mwaka 2018 sakafu ya kasoko ya Kilauea iliporomoka, hifadhi ikafungwa kwa zaidi ya miezi minne, na nje ya mipaka yake lava ikateketeza nyumba zaidi ya 700. Jengo la makumbusho lenye jina la Jaggar lilipata nyufa, hatimaye likabomolewa.

Viumbe ndio waliohitaji kulindwa. Hawaii iko mbali na kila bara, na kabla ya binadamu kufika hapakuwa na mnyama wa nchi kavu anyonyeshaye isipokuwa popo. Mimea mingi ya huko ilikua bila miiba wala sumu, maana hapakuwa na wa kuila. Kisha meli za Nahodha Cook zikashusha mbuzi mwaka 1778. Hakuna lava iliyowahi kuumiza misitu hii kwa ukaidi kama meno ya mbuzi. Hadi mwaka 1970 hifadhi ilikuwa imewaondoa mbuzi zaidi ya 70,000, na bado walijaa, kwa sababu waliosalia walizaa upesi na wengine waliingia kutoka mashamba ya jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wahifadhi walijenga uzio mdogo wa kujaribia katika nyanda kavu za chini. Ndani yake ukaota mmea utambaao wa jamii ya kunde ambao wanasayansi walikuwa hawajapata kuujua. Mbegu zake zilikuwa zimelala ardhini zikingoja nafasi. Kwangu mimi, hapo ndipo taasisi hii ilipojua kazi yake. Uzio mrefu ulijengwa kipande kwa kipande, na kufikia miaka ya 1980 mbuzi walikuwa karibu wamekwisha.

Nene, bata bukini wa Hawaii, alibaki porini kwa idadi ya takriban 30 tu katikati ya karne iliyopita. Baada ya kazi ndefu ya kulea vifaranga na kuwarudisha porini, mwaka 2019 serikali ilimtoa katika kundi la walio hatarini zaidi kutoweka, ingawa magari na paka mwitu bado wanamuua.

UNESCO iliitambua hifadhi kuwa urithi wa dunia mwaka 1987. Shamba kubwa la Kahuku liliongezwa mwaka 2003, na mwaka 2022 ghuba ya Pohue, ambako kasa ng'amba hutaga mayai.

Sasa tishio limehamia kwenye mti wa ohia, ambao ni miongoni mwa ya kwanza kuota juu ya lava iliyopoa na ndio nguzo ya misitu yote ya huko. Kuvu iliyotambuliwa mwaka 2014 inaua miti iliyosimama karne na karne, na tiba haijapatikana. Wageni huombwa wasugue viatu na kuvinyunyizia dawa kabla ya kuingia msituni. Kuvu hupenyea kwenye majeraha ya gome, yakiwemo yale yanayoachwa na nguruwe mwitu, mbuzi na ng'ombe. Watafiti wameona kwamba miti iliyozungushiwa uzio hufa kwa kiwango kidogo zaidi, na uzio unaendelea kujengwa.