Jeraha la Kurudiarudia Kazi

Kuanzia Oktoba, mavuno yakishaingia, wako watu mashambani karibu na Kitale wanaopukuchua mahindi kwa mikono kutwa nzima. Usiku vidole vinakufa ganzi. Mtu anaamka akikung'uta mkono. Muulize anaumwa nini, atasema ni baridi, au ni mishipa.

Madaktari wana jina lake, kwa kifupi cha Kiingereza RSI, yaani "repetitive strain injury". Tafsiri inayokuja upesi ni "maumivu ya kurudiarudia", nayo inapotosha: malaria pia hurudiarudia. Kinachorudiwa hapa ni kitendo. "Mteguko" haufai vilevile, maana mguu huteguka mara moja na mwenyewe akajua ni saa ngapi. Hapa, kinyume chake, kano huteleza ndani ya ala yake maelfu ya mara, huchubuka kidogo, na kabla haijapona inaitwa tena kazini. Uvimbe ukiwa kwenye kifundo cha mkono hubana neva ya kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole cha mwisho kwa kawaida husalimika. Daktari makini hulichunguza hilo mapema.

Basi nachagua "jeraha la kurudiarudia kazi". Ni jina refu, lakini limembeba mshtakiwa ndani yake: kazi. Tabibu Mwitaliano Bernardino Ramazzini alikwisha kumtaja mshtakiwa huyo mnamo 1713, alipoandika juu ya makarani na mkono wao usiotulia. Sheria ya Kenya ya 2007 kuhusu mafao ya majeraha kazini nayo inatambua maradhi yatokanayo na kazi, si ajali peke yake. Wachuma chai wa Kericho, wakimdai mwajiri wao kwa majeraha ya kazi, walifika hadi mahakama ya Edinburgh, Uskoti, ambayo mwaka 2022 iliwaruhusu kudai kwa pamoja. Anayepukuchua kwa malipo ya gunia, leo shamba hili kesho lile, atamdai nani?

Basi bora kujikinga. Mkata miwa wa Bungoma na anoe panga, kwani panga butu hudai nguvu maradufu. Mpini nao uwe mnene. Mkamuaji wa ng'ombe abadilishane kazi na mwenzake. Mapumziko mafupi ya mara kwa mara hushinda pumziko moja refu. Usiku, banzi linyooshe kifundo. Kukanda kwa nguvu palipovimba, jambo tunalolipenda mno, kwaweza kuzidisha uvimbe. Ganzi isipoondoka mchana, au gumba likishindwa kushika kikombe, nenda hospitali: neva iliyobanwa muda mrefu huenda isipone kabisa.